Ibada Isiyoishia Mlangoni mwa Kanisa

Katika somo lililopita tulifundishwa kwamba kuabudu ni haki ya Mungu peke yake. Bikira Maria twamheshimu kuliko viumbe vyote, watakatifu twawasihi watuombee, wazee wetu waliotangulia twawakumbuka katika sala. Bali kuabudu ni kwa Yeye aliyetuumba, wala hashiriki haki hiyo na kiumbe chochote. Jambo hilo mmelifahamu. Leo linafuata swali jingine, nalo laonekana dogo, lakini wengi hujikwaa hapo. Ibada hiyo ya Mungu huishia wapi? Padri akiisha kutoa baraka ya mwisho, na watu wakatoka nje, je, ibada imekwisha?

Wako Wakristu wanaojibu kwamba imekwisha. Hawasemi kwa mdomo, husema kwa mwenendo. Dominika wamempa Mungu fungu lake, na siku sita zilizosalia ni zao wenyewe. Mtu wa namna hiyo huimba kwa sauti nzuri kanisani, na Jumatatu asubuhi jirani akija kumwazima shoka, humjibu kwamba shoka limekatika mpini. Wako na wengine, wenye unyenyekevu usio wa kweli, ambao husema: “Kumtumikia Mungu ni kazi ya mapadri na masista na watu waliosoma. Mimi ni mfinyanzi tu. Mimi ni mvuvi tu. Nitamletea Mungu kitu gani?” Hao wa kwanza na hao wa pili hawafanani, walakini kosa lao lina mzizi mmoja: wanadhani kwamba mikono yao haina habari na Mungu.

Tumsikilize Mtume Paulo. Katika Barua kwa Waroma, baada ya kueleza kwa sura 11 mambo makuu ya wokovu wetu, anaianza sura ya 12 kwa kuwasihi Wakristu waitoe miili yao iwe sadaka iliyo hai, kwani ibada ya namna hiyo ndiyo impendezayo Mungu. Angalieni vizuri: hakusema midomo, alisema miili. Na mwili una nini? Una mikono ya kulimia, una miguu ya kwendea kwa mgonjwa, una macho ya kutungia uzi katika sindano, una koo la kuimbia. Kisha, mistari michache tu mbele, Mtume anavitaja vipaji: mwenye kipaji cha kufundisha afundishe, mwenye kitu cha kutoa atoe bila hila, mwenye kuwahurumia walio na shida afanye hivyo kwa uso wa furaha. Hakufungua habari mpya. Kwake Paulo, sadaka ya mwili na matumizi ya vipaji ni neno lile lile.

Hata katika Agano la Kale jambo hilo lilikuwa wazi. Waisraeli walipokuwa jangwani, Mungu aliagiza hema takatifu litengenezwe. Nani aliyesemwa kwamba amejazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ile? Siye kuhani Haruni. Ni fundi wa kabila la Yuda, jina lake Besaleli, mjuzi wa kufua dhahabu na shaba, wa kuchonga miti na kukata vito. Someni sura ya 31 ya Kitabu cha Kutoka. Na sura ya 35 yawataja wanawake waliosokota nyuzi za manyoya ya mbuzi, kila mmoja kwa ujuzi wake. Roho wa Mungu hakuona aibu kuingia katika karakana.

Na kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chaeleza zaidi. Chaanza na mganga wa magonjwa: aheshimiwe, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na dawa zimetolewa katika ardhi na Mungu huyo huyo. Halafu chamtaja mkulima anayefikiri usiku juu ya mistari ya shamba lake. Mhunzi, ambaye moshi wa tanuri wamkausha ngozi na kelele ya nyundo yamziba masikio. Na mfinyanzi anayekaa kwenye udongo wake akizungusha gurudumu kwa miguu. (Mama zetu hufinyanga bila gurudumu, na vyungu vyao havipindi, lakini tuendelee.) Watu hao, chasema kitabu, hawaitwi katika baraza la wakuu, wala hawakai kwenye viti vya waamuzi, hata hivyo mji haukaliki bila wao, na sala yao imo ndani ya kazi yao. Maneno hayo hayana maana kwamba mhunzi asiende Misa kwa sababu amepiga nyundo. Amri ya Dominika yatufunga sote. Maana yake ni kwamba sala aliyoianza altareni yaendelea penye fuawe, asipoikata mwenyewe kwa uvivu au kwa udanganyifu.

Sasa tuje kwenye mfano wa Bwana wetu juu ya talanta, ulio katika sura ya 25 ya Injili ya Mateo. Siku hizi neno talanta latumika kwa maana ya kipaji. Wakati wa Bwana Yesu, talanta ilikuwa uzito mkubwa wa fedha. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000. Na dinari moja, kama tunavyosoma katika mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu, ilikuwa mshahara wa siku moja. Fanyeni hesabu. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kila mwaka, bila kula hata dinari moja ya mshahara wake, angemaliza miaka 20 ndipo aipate talanta moja. Basi yule mtumishi wa tatu, ambaye tumezoea kumwonea huruma kwamba alipewa kidogo kuliko wenzake, alikabidhiwa mali ya miaka 20. Kwa Mungu hakuna kipaji kidogo.

Na kosa lake lilikuwa nini? Hakuiba. Hakulewa. Hakumpiga mtu. Alirudisha fedha yote, haikupungua hata chembe, na bado alihukumiwa. Mwenyewe alitoa sababu: aliogopa. Alimdhania bwana wake kuwa mtu mgumu, akaona heri achimbe shimo kuliko kujaribu na kushindwa. Tusidhani kwamba watu wa namna hiyo walikwisha. Katika vijiji vyetu mwamo mwanamke ajuaye kusuka mikeka ambayo hakuna mwingine aijuaye, naye hamfundishi mtoto wa jirani kwa kuogopa atapunguziwa wanunuzi. Mwamo mzee ajuaye jani la kutuliza kikohozi, naye hulichuma gizani ili asionekane, na siku anapozikwa, jani lazikwa pamoja naye. Mwamo kijana aliyesoma, awezaye kuwaandikia wajane barua, lakini huhofu kwamba akianza, wote watamjia.

Juu ya majani hayo niseme neno moja, maana wengi huuliza kama Mkristu aweza kuyatumia. Jani ni kiumbe cha Mungu, na kujua kazi yake ni kipaji. Dhambi haimo katika jani. Imo katika kupiga ramli, na katika kumtaja mama mzee fulani kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa, hata akapigwa au kufukuzwa kwake. Dawa huponya mtu. Ramli huua jina la mtu, na pengine humwua mwenyewe.

Nataka sasa kuwasimulia habari za mganga Mkristu aliyeishi ng'ambo ya ziwa letu la Tanganika. Ninyi mkaao Mpala mwajua kwamba kituo chenu na kile cha Karema, kilichoko upande wa mashariki karibu mkabala nanyi, vilianzishwa na Shirika la Mfalme Leopold, vikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Kule Karema alifika mwaka 1889 kijana mweusi, jina lake Adrian Atiman, akiwa daktari.

Alitoka mbali sana. Alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto mdogo, aliibwa na Watuaregi, akapitishwa jangwa la Sahara, akauzwa kama mbuzi anavyouzwa. Huko Algeria Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha. Mwanzilishi wao, Askofu Mkuu Lavigerie wa Alger, ambaye baadaye alikuwa Kardinali, alikuwa na wazo ambalo wakati ule wengi waliliona la ajabu: Waafrika waponywe na Waafrika. Mwaka 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, na vijana waliokombolewa wakasomea udaktari kule, ili wapelekwe Afrika ya kati wakiwa madaktari na makatekista pamoja. Hakutaka wageuke kuwa Wazungu. Alitaka wakae na watu, wale chakula chao, waseme lugha yao. Atiman alimaliza masomo mwaka 1888, akasafiri kwa njia ya Zanzibar, akatembea na msafara mpaka ziwani.

Fikirini, ndugu zangu, nchi aliyoikuta. Katika miaka ile biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma pande zote mbili za ziwa. Misafara ilipita na watu waliofungwa shingo. Mtu aliyeuzwa utotoni alikuja kuishi mahali ambapo watoto walikuwa wakiuzwa. Angeweza kusema: “Mimi nimekwisha kupona, nisiyaone tena mambo haya.” Angeweza pia kuficha elimu yake, au kuiuza kwa bei kubwa, maana daktari mwingine hapakuwapo karibu. Alikaa Karema akitibu na kufundisha dini kwa miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956, akiwa na umri wa karibu miaka 90. Alimwoa Agnes Wansahira, mtu wa nchi ile, na mtoto wao Yosefu akawa padri.

Jambo moja katika maisha yake lanipendeza kuliko mengine. Huyu aliyesoma katika chuo kikuu cha Malta hakuwadharau waganga wa Karema. Alijifunza kwao majani na mizizi ya nchi, akaviongeza kwenye elimu aliyokuja nayo. Mwenye kipaji kikubwa aliketi kama mwanafunzi mbele ya wenye kipaji kingine. Hapo ndipo kiburi hufa. Nasi tunajua jinsi kiburi kinavyoharibu kazi ya Mungu: tumeona kwaya zikigawanyika kwa sababu ya nani ataanzisha wimbo, hata Dominika ikafika watu wameketi mafungu mawili na wimbo hakuna. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba jicho haliwezi kuuambia mkono, “Sikuhitaji.” Wazee wetu nao walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini najua wako wanaosema moyoni: “Huyo Atiman alisoma. Mimi je?” Basi tuondoke ziwani, twende upande wa magharibi wa nchi yetu, penye Mto Kongo. Huko Mbandaka, uliokuwa ukiitwa Coquilhatville, alikuwako kijana Isidori Bakanja. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia waashi: kuchanganya udongo na kubeba matofali. Mwaka 1906, tarehe 6 Mei, alibatizwa na mapadri Watrapisti. Alikuwa na rozari, alikuwa na skapulari ya Bikira Maria shingoni. Mali nyingine ya kutajwa hakuwa nayo. Baadaye alikwenda kufanya kazi ya utumishi wa nyumbani kwenye shamba la kampuni, mahali pasipo padri wala kanisa. Alikuwa na kipaji kimoja: aliwafundisha wenzake sala alizozijua, jioni, baada ya kazi. Basi. Msimamizi wa kizungu wa shamba lile alichukia jambo hilo, akamwamuru avue skapulari yake, naye hakuivua. Mwanzoni mwa mwaka 1909 alichapwa kwa mjeledi wa ngozi wenye misumari mpaka mgongo wake ukawa kidonda kimoja. Aliteseka kwa miezi mingi. Mapadri walipofika na kumsihi asamehe, aliwaambia kwamba hamchukii yule msimamizi, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri mwaka 1994.

Kijana yule hakujua kuandika kitabu, wala hakujenga kanisa la mawe. Sala alizozikariri kwa kichwa ndizo alizowagawia wengine, na kwa ajili ya hizo alikufa. Je, nani kati yenu asiyejua hata Baba Yetu moja ya kumfundisha mtoto?

Yabaki mambo mawili ambayo huleta taabu, nami sitayapita.

La kwanza ni malipo. Mtu akipokea malipo kwa kazi ya kipaji chake, je, amefanya dhambi? La. Mtume Paulo mwenyewe alishona mahema mjini Korinto ili apate chakula, na Bwana alisema kwamba mtenda kazi astahili ujira wake. Fundi ana watoto, watoto wana matumbo. Dhambi ni kumwacha maskini bila msaada kwa sababu hana kuku wa kutoa. Na dhambi ni kufanya kama Simoni yule mchawi wa Samaria, aliyedhani kwamba kipaji cha Mungu hununuliwa kwa fedha ili naye akifanyie biashara.

La pili ni gumu zaidi: ugomvi. Tuseme yuko mkunga, mwanamke Mkristu, stadi wa kazi yake. Ana kesi na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba la mihogo. Maneno makali yamesemwa, hata mbele ya wazee. Usiku mmoja mvua inanyesha, na mume wa jirani yule anabisha hodi: mkewe ameshikwa na uchungu tangu jioni, na dispensari iko mwendo wa saa tatu. Mkunga yule Dominika iliyopita alipokea Komunyo Takatifu. Afanye nini? Kila mmoja wetu ajua jibu, na kila mmoja wetu ajua jinsi lilivyo chungu. Akilala, akavuta nguo juu ya kichwa, talanta yake imo shimoni, na juu ya shimo kuna maiti. Akiinuka, akachukua taa yake, akamsindikiza mwanamke yule mpaka dispensari kwa machela, akimtazama njiani kama amtazamavyo binti yake, basi ibada aliyoianza altareni ingali inaendelea kule njiani, katika matope. Kesi ya shamba haikuisha. Wazee wataiamua siku nyingine. Mungu hakumwambia auachie mpaka. Alimwambia asiutumie mpaka kumwua mtu.

Ndiyo sababu Bwana alisema katika Injili ya Mateo, sura ya 5, kwamba ukileta sadaka yako altareni na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka pale pale, uende kwanza ukapatane naye, kisha urudi uitoe. Kanisa letu la Kongo limelishika agizo hilo kwa namna inayoonekana kwa macho. Katika Misa kwa desturi ya majimbo yetu, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, watu hawapeani amani karibu na Komunyo kama wafanyavyo katika nchi nyingine. Baada ya mahubiri na Nasadiki, huungama makosa yao, hunyunyiziwa maji, hupeana mikono ya amani; na baada ya hayo tu ndipo huleta matoleo, kwa ngoma na kwa mwendo wa kucheza. Amani kwanza, sadaka baadaye. Mara nyingine utakaposimama katika mstari ule na kikapu chako cha mahindi au ndizi, tazama ni mkono wa nani uliokwisha kuushika, na ni mkono wa nani ulioukwepa.

Na mkate wenyewe? Haukuota shambani ukiwa mkate. Mtu alilima ngano, mtu aliisaga, mtu aliikanda na kuioka. Divai vilevile. Bwana wetu angeweza kuchagua maji ya mto au jiwe la mlimani awe nasi katika hicho. Alichagua vitu ambavyo havipatikani pasipo kazi ya watu. Mfinyanzi aliyeuliza atamletea Mungu kitu gani, afikiri juu ya jambo hilo polepole.

Kabla ya somo lijalo, katekista awakusanye watu na kuwauliza maswali mawili, kila mmoja ajibu kwa zamu, watoto pia. La kwanza: unajua kazi gani ambayo ingepotea kijijini kama ungekufa usiku huu, na ni nani utakayeanza kumfundisha? La pili lijibiwe moyoni tu, kimya, wala katekista asimlazimishe mtu kulisema: ni nani aliyekuja kwako na shida, ukamwambia kwamba shoka limekatika mpini? Baada ya kimya hicho, wote wasali fungu moja la rozari kwa ajili ya wagonjwa wa kijiji, na kwa ajili ya wale wanaowahudumia.

Katika somo lijalo tutaeleza amri ya pili, juu ya jina la Mungu na viapo. Tumsifu Yesu Kristu!